Shule za Mashambani, Vyeti vya Nairobi

Takwimu za elimu zikitangazwa, Nairobi huwa juu ya kaunti nyingi, na wengi hukata kauli kwamba mjini ndiko watoto wanakofunzwa vizuri. Mimi naona kauli hiyo inawadhulumu watu wa mashambani.

Panda matatu ya Kawangware asubuhi uwaulize abiria walikofanyia mtihani wa kidato cha nne. Utasikia Kakamega, Machakos, Nyeri, Kisii. Aliyefaulu kijijini huja jijini kutafuta kazi, na elimu yake huhesabiwa huku. Karo ililipwa na mama aliyeuza ng'ombe Bungoma. Kijiji husalia na walioacha shule, kisha huambiwa hakisomeshi! Wala si jambo la jana: shule ya Maseno ilianza 1906 na ya Alliance 1926, zote nje ya jiji.

Hata hivyo, pengo lipo, na linauma. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mlango ulifunguka, lakini kuingia si kumaliza. Mgao wa serikali katika shule ya msingi uliwekwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, popote alipo. Shule ya Nairobi yenye watoto 1,000 hupangiwa zaidi ya milioni moja. Ya Turkana yenye watoto 90 haifikishi 130,000. Lakini paa linalovuja halipungui bei kwa sababu watoto ni wachache, na kupeleka vitabu Lodwar, huko Turkana, ni ghali kuliko kuvipeleka Buruburu, mtaa wa Nairobi. Kugawa sawa kwa namna hii si haki, nami sioni vipi tunaweza kuutetea mpango huo.

Wanaosema mji nao una maskini wake wana hoja nzito. Katika mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru shule za umma ni chache, na mzazi wa kibarua hulipia shule ya mabati. Mwanawe huingizwa katika wastani mmoja na mtoto wa Karen, mtaa wa matajiri, shida yake isionekane. Ila huyo hatembei kilomita kumi kufika darasani, na kwangu wa Turkana ndiye wa kwanza kuongezewa mgao.

Sensa hutuuliza tulizaliwa wapi na tumesoma hadi wapi. Ningependa majibu hayo mawili yachapishwe pamoja, kaunti kwa kaunti, kabla Nairobi haijapongezwa tena.