Nani Huijenga Sinapsi: Mguso au Mazungumzo?

Mwaka 1981 Tuzo ya Nobel ya tiba iliwaendea watu watatu. Nusu alipewa Roger Sperry, nusu ya pili wakagawana David Hubel na Torsten Wiesel. Sperry alituzwa kwa utafiti wake kuhusu pande mbili za ubongo, lakini kazi yake inayonirudia akilini ni ya zamani zaidi, ile ya vyura. Alikata neva ya jicho, akaligeuza jicho juu chini, kisha akaiacha neva iote upya. Ilipoota, chura alimwona inzi juu, akarusha ulimi chini. Alikosea hivyo siku zote, wala mazoea hayakumsahihisha. Nyuzi za neva zilikuwa zimerudi kulekule zilikotoka, kila moja kwenye anwani yake. Mwaka 1963 Sperry aliandika kwamba anwani hizo ni za kikemia, zimebandikwa juu ya seli zenyewe.

Hubel na Wiesel walionyesha jambo linaloelekea upande mwingine kabisa. Ukimfumba paka mchanga jicho moja katika miezi ya mwanzo ya maisha yake, kisha ukalifumbua baadaye, utakuta seli nyingi za gamba la ubongo haziliitikii tena, ingawa jicho lenyewe ni zima. Seli hizo zimehamia kwa jicho lililobaki wazi. Hapa kilichoamua ni matumizi.

Ubishi huo, kwamba seli za neva huunganishwa na anwani zilizobandikwa juu yake au na matumizi, haujaisha. Siku hizi unapiganiwa mahali padogo sana: kwenye utando wa seli, pale niuroni mbili, yaani seli za neva, zinapokaribiana hadi likabaki pengo la nanomita 20 hivi. Kiungo hicho ndicho sinapsi. Utando huo una vipokezi vya namna nyingi, lakini kwa hoja hii vinatosha vya aina mbili. Vipokezi vya mguso hushika protini iliyosimikwa kwenye seli ya jirani. Vipokezi vya ujumbe hungoja kemikali, kama glutamati, iliyomwagwa kwenye pengo. Kambi moja husema sinapsi hujengwa na mguso, kisha mazungumzo huirekebisha kidogo tu. Kambi ya pili husema bila mazungumzo hakuna sinapsi ya maana. Nimeifuatilia hoja hii kwa muda mrefu, na naona kila kambi imeshika ukweli wa hatua moja ya maisha ya sinapsi, ikaugeuza kuwa ukweli wa maisha yote.

Tuanze na mguso, kwa sababu ushahidi wake unashangaza. Mwaka 2000 watafiti walichukua seli za figo zilizokuzwa maabara, wakazifanya zitoe neuroligini, protini ambayo kwa kawaida hukaa kwenye upande unaopokea wa sinapsi. Kisha wakaziweka karibu na niuroni. Nyuzi za niuroni zilipozigusa seli hizo, zilianza kukusanya vifuko vya kemikali na mitambo yote ya kutuma ujumbe, kana kwamba zimekutana na niuroni nyenzao. Seli ya figo haina la kusema na ubongo. Kilichotosha ni neuroligini kushikana na neureksini iliyo kwenye uzi wa neva. Hiyo neureksini, nitaje hapa kwa kupita, iligunduliwa mwaka 1992 kwa sababu ndiyo inayonaswa na sumu ya buibui mjane mweusi.

Mwaka huohuo wa 2000 likaja pigo zito zaidi kwa kambi ya mazungumzo. Panya walioondolewa jeni ya protini iitwayo Munc18-1 hawawezi kutoa kemikali yoyote ya kupitishia ujumbe. Ubongo wao ulikuwa kimya tangu mwanzo, na bado ulijipanga: matabaka yalikaa mahali pake, nyuzi zikafika zilikotumwa, sinapsi zikaonekana chini ya hadubini. Kama mazungumzo ndiye fundi, nani alizijenga hizo?

Wapenda mguso husimamia hapo. Lakini simulizi ya panya hao haiishii hapo. Baada ya ubongo wao kujipanga, niuroni zilianza kufa kwa wingi, na panya wenyewe hawakuishi baada ya kuzaliwa, maana hata kupumua kunahitaji neva zinazotuma ujumbe. Jaribio hilo linaonyesha kwamba ukimya hauzuii sinapsi kuzaliwa. Halituambii ingedumu vipi, ingekuwa na nguvu kiasi gani, au ingeshinda vipi sinapsi za jirani.

Upande wa pili nao una ushahidi wa kuonekana kwa macho. Kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA kina tundu linalozibwa na magnesiamu. Glutamati peke yake haitoshi kulizibua. Ni lazima seli inayopokea iwe imeamshwa wakati huohuo, hapo magnesiamu huondoka na kalsiamu ikaingia. Kwa hiyo kipokezi hiki hutambua kwamba pande mbili zimesema kwa pamoja. Kalsiamu ikiingia, vipokezi zaidi vya glutamati huletwa kwenye utando, na kijichomozo, yaani kinundu kidogo kwenye tawi la niuroni kinachopokea ujumbe, hunenepa. Mwaka 2011 ilionekana kwamba katika gamba la ubongo la panya wachanga, kuachia glutamati kwa mwanga wa leza kando ya tawi la niuroni kunatosha kuotesha kijichomozo kipya mahali ambapo hapakuwa na kitu, na vipokezi vya NMDA vikizibwa, hakioti. Hayo si marekebisho madogo.

Inakuwaje basi majaribio mazuri yatoe majibu yanayopingana? Nadhani sehemu kubwa ya jibu imo katika namna ya kuuliza. Ukiongeza neuroligini kwenye niuroni, sinapsi huongezeka. Unatarajia ukiiondoa, sinapsi zipungue. Neuroligini ziko za aina kadhaa, zinazotajwa kwa namba. Mwaka 2006 panya waliondolewa aina tatu kwa mkupuo. Walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua, lakini idadi ya sinapsi zao ilikuwa karibu na ya kawaida. Kilichoharibika ni upitishaji wa ujumbe. Wengi walihitimisha kwamba neuroligini haijengi, inakomaza tu.

Mimi hitimisho hilo naliona la haraka, na jaribio la mwaka 2012 ndilo lililonifanya nilitilie shaka. Ukiondoa neuroligini ya kwanza katika niuroni zote za gamba la ubongo, idadi ya sinapsi haibadiliki. Ukiipunguza katika niuroni chache tu, huku majirani wakiwa nayo kwa kiwango cha kawaida, hizo chache hupata sinapsi pungufu. Maana yake ni kwamba niuroni zinashindana, na kinachohesabika ni nani ana zaidi ya jirani yake. Ukiwanyang'anya wote kwa usawa, ushindani haubadiliki na wewe mtafiti huoni kitu. Kutoona upungufu, kwa hiyo, hakukuwa ushahidi kwamba protini haina kazi.

Na ushindani huo una mwamuzi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba ongezeko la sinapsi linaloletwa na neuroligini ya kwanza hutoweka ukizuia vipokezi vya NMDA. Mguso unapiga hodi, lakini mlango unaachwa wazi kwa sababu ya yale yanayozungumzwa baadaye. Zaidi ya hapo, vipokezi vya aina hizi mbili vimeshikamana kimwili. Neuroligini ya kwanza huvuta vipokezi vya NMDA kwenye sinapsi. Vipokezi vya mguso viitwavyo EphB navyo hujifunga na vya NMDA upande wa nje wa utando. Hivi vya EphB ni ndugu wa vile vilivyotambuliwa miaka ya 1990 kuwa sehemu ya zile anwani za Sperry katika neva ya jicho. Ni vigumu kuendelea kuvitaja kama kambi mbili wakati vimekamatana kwenye utando mmoja.

Jambo hili lina uzito nje ya maabara. Mwaka 2003 mabadiliko katika jeni za neuroligini ya tatu na ya nne yalikutwa katika familia zenye ndugu wenye usonji. Kwa upande wa ujumbe, kipokezi kingine cha glutamati, mGluR5, kilileta matumaini makubwa kwa wenye Fragile X, ugonjwa wa kurithi unaodumaza ukuaji wa akili, kwa kuwa kukizuia kulirekebisha kasoro nyingi katika panya. Dawa ya mavoglurant ikajaribiwa kwa watu wazima na vijana wa kuanzia miaka 12, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha nafuu kuliko kidonge kisicho na dawa. Wapo wanaosema kipokezi kilichaguliwa vibaya. Wengine wanasema muda wa kukigusa ulikuwa umepita. Mimi naelemea upande wa pili, ingawa jaribio hilo peke yake haliwezi kuamua.

Sababu yangu ni utafiti mmoja wa mwaka 2012 kuhusu panya wasio na neuroligini ya tatu. Katika ubongo mdogo wa nyuma, kukosekana kwa protini hiyo ya mguso kulivuruga pia mwitikio unaotegemea vipokezi vya glutamati vya jamii ileile ya mGluR, na kufanana na kasoro inayoonekana katika Fragile X. Protini iliporudishwa kwa panya walipokuwa wadogo, lakini baada ya mitandao hiyo kujengwa, kasoro hizo zilirekebika. Tangu nisome hayo, habari yoyote ya dawa inayolenga sinapsi naisoma nikitafuta kwanza umri wa waliojaribiwa, ndipo nitafute jina la kipokezi.