Vitabu vya TET viko bure mtandaoni, sie vyetu vya nini?

Juzi barzani kwetu Machomane, Pemba, jamaa yangu mmoja katoa simu akatuonesha maktaba mtandao ya TET, yaani Taasisi ya Elimu ya Bara, vitabu vya skuli kibao na hulipi hata senti. Akauliza suali ambalo nishalisikia mara nyingi: kama Bara washaandika na washaweka bure, kwa nini Zanzibar iwe na Taasisi yake ya Elimu, waandishi wake, wachoraji wake, alafu tulipe kuchapa upya kitu kile kile? Watu wakaitikia. Mie nikanyamaza manake suali si la kijinga, ila limenikera mpaka leo.

Nianze na kinachowapa nguvu wao. Sensa ya 2022 ilitoa watu 61,741,120 Tanzania nzima na Zanzibar 1,889,773, yaani katika kila watu mia sie ni watatu. Kwa uwiano huo Bara wakichapa nakala milioni moja za Hesabati darasa la pili sie zinatutosha 31,000 na kitu, na kazi ya kuandika, kuchora na kuhariri ni ile ile, haipungui kwa sababu watoto wenu wachache. Hapo ndo watu wanapofunga mjadala.

Lakini hiyo 31,000 mie nimekaa nayo sana. Mtu yoyote aliyewahi kupeleka kadi za harusi kwa mpiga chapa anajua, kadi hamsini bei inauma, mia tano kila kadi inashuka vizuri, ukifika maelfu inashuka kidogo kidogo tu kwa sababu kilichokuwa ghali ni kule kutayarisha mashine. Sasa 31,000 ni nyingi kwa mashine. Kinachobaki kutusumbua ni gharama ya kuandika, na tuseme, mfano tu huu, kitabu kimoja timu imekula milioni 60, gawa kwa 31,000 ni shilingi 1,935 kwa kila nakala. Kikichapwa tena mwaka wa pili na wa tatu bila kuguswa ni 645, hupati hata nusu bakuli ya urojo. Hasara yetu mie naiona kwengine, kwenye mtindo wa kuandika kitabu, kukichapa mara moja, alafu kukiacha kife mpaka aje mfadhili mwengine na mradi wake na timu ianze upya.

Na hiyo bure ya PDF tuitazame pia. Hapa Chake kutoa kopi nalipa shilingi 100 kwa ukurasa, kitabu cha kurasa 150 ni 15,000, masomo matano 75,000, na mwenye watoto watatu skuli sijui tumwambie nini. Haya, utasema serikali inunue vya TET vilivyokwisha chapwa. Sawa, hiyo ni hoja, ila ushatoka kwenye bure.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona hakifahamiki kabisa. Miaka nilosomesha darasa la kwanza wilaya ya Micheweni tulikuwa na vitabu mchanganyiko kabatini, vyengine vya hapa, vyengine vya Bara vimefika kwa njia wanazozijua wenyewe. Watoto wanne kitabu kimoja, wamekaa chini wamekizunguka, yule wa upande wa juu akizowea kusoma herufi zimepinduka. Siku hiyo kitabu kilikuwa cha Bara, picha ya tunda jekundu na chini yake neno nyanya. Nikamnyanyua mtoto mmoja wa kike asome. Akatamka nya, akatamka nya, akaitazama picha, akanitazama mie, akasema "tungule", ndivyo sie tunavyoiita nyanya. Wenzake wote wakaitikia ndio. Nikamwekea kosa kwenye karatasi yangu, ndivyo mwongozo ulivyotaka.

Nilikuja kulifikiria usiku. Yule mtoto herufi alishazisoma, tena zote. Ila mtoto wa miaka sita anajua kama kasoma sawa pale sauti zinapogongana na neno analolijua kwao, ndo anachangamka. Hapa sauti zilitoka vizuri na neno lenyewe hakulikuta, akaona basi kakosea yeye, akaenda kuitegemea picha. Kesho yake ataanza na picha moja kwa moja, kwani kuna haja gani ya kuhangaika na herufi? Darasa zima la mtindo huo utakuta watoto wanaosoma kwa kubahatisha, na mkaguzi akija anaandika walimu hawajui kusomesha.

Utaniambia tungule ni jambo dogo, akifika darasa la tatu nyanya ataijua kwenye TV. Kweli, na lazima aijue, si ipo siku atapanda boti. Ila mwaka wa kwanza ana kazi moja, kuunganisha sauti, usimpe mbili. (Cha kuchekesha, Kamati ya Lugha ya 1930 ilisanifisha Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Kimezunguka huko kimeturudia hakituamkii.)

Hesabati ni vile vile. Mtoto wa Pemba msimu wa karafuu yumo mikarafuuni na wakubwa zake, na mchumaji analipwa kwa pishi, kipimo chetu cha kupimia karafuu. Vibaba vinne pishi moja, hiyo hajafundishwa na mtu, kaikuta. Kwa hivyo anapofika kwenye robo, nusu na robo tatu, nusu ya kazi ishafanywa shamba, mwalimu anatakiwa kuchukua kibaba tu akiweke mezani. Alafu kitabu kinamletea keki. Sisemi mtoto wa Pemba haijui keki, n'nasema hajawahi kulipwa kwa vipande vya keki na kuhesabu kama kadhulumiwa.

Kuna na mambo ya muundo wenyewe. Sera ya Elimu ya 2006 ilitupa msingi wa miaka sita wakati Bara wakiwa na saba (sasa nao wameamua kwenda sita), na ikataka Hesabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, wakati skuli nyingi za msingi za serikali Bara zinasoma kwa Kiswahili. Na Kiarabu na Dini ambazo kwetu zimo ndani ya ratiba, vitabu vyake ungeazima wapi?

Lakini niwe mkweli, nikisema hivi Mpemba mwenzangu anauliza, na hivyo vinavyoandikwa Unguja je? Katika hao 1,889,773 Pemba tuko 543,441. Hoja yangu ukiivuta mpaka mwisho Tumbatu watataka chao na Makunduchi chao, na hapo mpiga chapa atatucheka kweli. Sifiki huko. Kitabu kiwe kimoja, ila kabla ya kwenda kuchapwa kipite Michakaeni, kipite Mitiulaya, vituo vya walimu vipo, walimu wa darasa la kwanza wakisomeshe wiki mbili waandike watoto wamekwama wapi. Sasa hivi mwalimu anakutana na kitabu siku boksi linapofunguliwa.

Wengine wanasema dawa ni soko, kila skuli ichague kama skuli za binafsi. Bara walijaribu, wachapishaji wengi na kamati ya kuthibitisha vitabu, EMAC, ikavunjwa 2013 kwa malalamiko ya vitabu vibovu. TET wakapewa kazi peke yao, na 2017 Bungeni Dodoma makosa ya vitabu vya TET yakazua kelele. Vingi vilikuwa na makosa, kimoja nacho kikawa na makosa, tafauti ni kwamba kosa la kitabu kimoja linaingia kila darasa siku moja. Hilo linanitia wasiwasi hata kwa vyetu, sikatai.

Na kidato cha tatu na cha nne siteti. Mtihani ni wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, mtoto wa Wete na wa Mwanza wanajibu karatasi moja, kumpa kitabu chengine ni kumtega. Huko PDF ya jamaa yangu naipokea kwa mikono miwili.

Kesho baada ya magharibi nikimkuta barzani ntamwomba afungue Hesabati ya darasa la tatu kwenye hiyo simu yake, tutafute pamoja kama pishi imo.