Boksi la stripu, sawa. Kichupa cha insulini, hapana

Mgonjwa wa kisukari akifariki, matanga yakishaanuliwa familia hugawana nguo na viatu. Hubaki mfuko mmoja usio na mwenyewe: mashine ya kupimia sukari, stripu zake za kuwekea tone la damu ambazo hazijafunguliwa, sindano, pengine na kichupa cha insulini. Si misiba tu inayoacha mabaki. Mama aliyepata sukari ya ujauzito akijifungua huenda asiihitaji tena mashine. Mwingine katumiwa na ndugu aliye ng'ambo stripu zisizoingia kwenye mashine yake. Siku hizi mfuko huo huishia kwenye magrupu ya WhatsApp: stripu boksi mbili, nipo Mwanjelwa, bei maelewano.

Marekani biashara hii ni ya siku nyingi, kuna kampuni zinazonunua boksi ambazo hazijafunguliwa na kuziuza tena. Kosa huko ni kuuza zile zilizolipiwa na bima ya serikali. Hata hivyo mwaka 2019 FDA, mamlaka yao ya dawa, iliwaonya wagonjwa wasitumie stripu zilizopitia mikononi mwa mtu mwingine, kwa kuwa hakuna anayejua zilitunzwaje.

Onyo hilo ni la kweli, ila liliandikwa kwa nchi yenye famasi kila kona. Anayejipima mara mbili kwa siku, kopo la stripu 50 linamwishia siku ya 25. Mkulima wa viazi wa Uyole, hapa Mbeya, hashiki hela kila mwezi. Akipata kopo kwa nusu bei, anajipima, akilikosa, anakisia. Na anayejidunga insulini kwa kukisia anaweza kuanguka shambani sukari ikiwa imeshuka, watu wakidhani kalewa. Kwangu mimi, hatari hiyo inaizidi ile ya stripu ya jirani ambayo haijafunguliwa, haijapita muda wake, na ni ya aina inayokubaliana na mashine. Kopo lililofunguliwa ni habari nyingine, maana unyevu ukiingia namba zinadanganya.

Insulini sikubali kabisa. Utetezi wake huku kwetu unajulikana: Mbeya ni baridi, haiharibiki. Kwa kichupa ambacho tayari kinatumika kuna ukweli fulani. Kwa kawaida hukaa kama wiki nne nje ya friji, mradi pasiwe na joto kali. Lakini kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na anayekinunua mtaani hajui kama kilipanda basi kutoka Kyela kwenye joto, au kililala Makete usiku wa sakitu. Insulini iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka. Macho nayo hayasaidii sana: ile ya mchanganyiko, inayotumiwa na wengi, ikitikiswa huwa nyeupe kama maziwa hata ikiwa nzima. Anayeuza anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakuuzia maji.

Sheria haitofautishi hivi. Kuuza dawa bila kibali ni kosa, na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, inasimamia vifaa tiba pia. Kilichotolewa kwa kadi ya bima nacho si mali ya kufanyia biashara. Sina ugomvi na hilo, ila kukamata pekee hakujawahi kumaliza uhitaji. Ruvuma, mwaka 2003, serikali ilipokabiliana na maduka ya dawa baridi yaliyokuwa yakiuza dawa yasizoruhusiwa kuuza, iliwapa wauzaji mafunzo na kibali. Ndiko yalikoanzia maduka ya dawa muhimu, DLDM, ambayo leo yameenea nchi nzima.

Njia kama hiyo inawezekana kwenye kliniki za kisukari. Familia ilete mfuko. Nesi aangalie tarehe na aina, ajaribu stripu moja sambamba na kipimo cha kliniki, kisha ampe mgonjwa mwenye mashine ya aina hiyo. Insulini iteketezwe, sindano ziende kwenye boksi la usalama. Familia isipate hela, au ipate nauli tu. Wapo watakaoona hiyo ni hasara na kurudi WhatsApp, hilo nalikubali. Kigumu zaidi ni kwamba nesi hawezi kuanza kwa huruma yake: stripu zikimpa mtu namba ya uongo, atakayeulizwa ni yeye, na hana karatasi ya kumlinda. Mwongozo wa Wizara ya Afya ungetangulia, hata wa kurasa mbili.