Rejesho la kila wiki na kuku wa wiki tano

Mabishano kuhusu mikopo midogo ya wanawake huishia kwenye riba. Riba ina uzito wake, lakini kinachoua biashara nyingi mapema zaidi ni ratiba ya marejesho.

Tumtazame mama lishe wa Dar es Salaam. Mchele, maharage na mkaa anaonunua alfajiri vimegeuka fedha kabla ya alasiri. Akikopeshwa laki sita, anaacha kupima mkaa kwa kopo na mchele kwa kilo, ananunua kwa gunia, na tofauti ile ya bei inakuwa faida yake. Kwake rejesho la kila wiki ni jambo la kawaida, kwa sababu fedha inaingia kila siku. Ongeza kwamba hakuulizwa hati ya kiwanja, ambayo mara nyingi haina jina la mwanamke, bali wenzake wanne walimdhamini. Hapa watetezi wa mikopo hii wana haki kabisa.

Sasa mpe mkopo huohuo mwanamke anayeanza kufuga kuku wa nyama. Vifaranga 100 huuzwa wakiwa na wiki tano hadi sita, na mpaka hapo wamekula takriban mifuko sita au saba ya chakula ya kilo 50. Rejesho la kwanza linadaiwa wiki ya kwanza. Kabla hajauza kuku hata mmoja, ameshalipa mara nne, na fedha hiyo imetoka kwenye chakula cha kuku. Kuku aliyepunjwa chakula hafikishi uzito, anauzwa kwa bei ya chini, na mama anakopa kwingine ili kuziba pengo. Mlango wa mikopo ya "kausha damu", ile ya mtaani yenye riba kubwa mno, ndio huo.

Riba nayo ihesabiwe vizuri. Asilimia 3.5 kwa mwezi, kiwango cha juu walichowekewa wakopeshaji wa daraja la pili Tanzania, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za wateja, ina sura mbili. Kwa mkopo wa shilingi 600,000 wa miezi sita, riba ikipigwa kwenye mkopo wote kila mwezi ni 126,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, ukilipa 100,000 ya mtaji kila mwezi, ni 73,500. Na mkopeshaji akizuia asilimia 10 kama akiba ya dhamana, mkononi unapokea 540,000 huku riba ikidaiwa kwenye laki sita nzima.

Utafiti hautoi ushindi kwa upande wowote. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zilionyesha kuwa mikopo hupanua biashara kwa kiasi, ila haikuinua kipato cha kaya kwa namna ya kubadili maisha. Huko Hyderabad, India, walionufaika zaidi ni waliokuwa na biashara tayari. Kolkata, pia India, watafiti walijaribu kuahirisha rejesho la kwanza kwa miezi miwili: wanawake waliwekeza zaidi na faida ikapanda, lakini walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Kwa hiyo mkopeshaji anayeng'ang'ania rejesho la kila wiki hafanyi ukatili tu. Analinda fedha ambazo kikundi kinachofuata kitakopeshwa, na ninaona hofu yake ina msingi, ingawa gharama yake anaibeba mfugaji.

Mikopo ya halmashauri za Tanzania haina riba: hutengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Udhaifu wake ulikuwa vikundi hewa na marejesho yaliyopotea, na mwaka 2023 ilisitishwa hadi utaratibu mpya ulipopangwa. Fedha isiyo na riba nayo inahitaji mtu wa kuifuatilia.

Kwa anayeanza bila biashara, VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa vya wanajamii wenyewe, ni mahali salama zaidi pa kuanzia. Vikundi vingi hukopesha hadi mara tatu ya hisa zako, na riba inarudi kwa wanachama mzunguko unapofungwa. Mfugaji aanze na vifaranga 50 kwa fedha hiyo, auze kundi moja, kisha ndipo aende kwa afisa mikopo akiwa na daftari la mauzo na ombi moja: rejesho la kwanza liwe wiki ya saba. Akikataliwa, bora akope kiasi ambacho genge au biashara nyingine ya kila siku nyumbani inaweza kukilipa bila kugusa chakula cha kuku.