Robo Kilo ya Hamasa

Januari madaftari ya malengo hununuliwa kama njugu. Masika yakiingia, mengi yana kurasa tatu zilizoandikwa na kalamu iliyokaukia katikati. Hapo watu husema wameishiwa hamasa, wakaanza kuihangaikia: video za alfajiri, semina za hotelini, maneno makali ya kubandika kwenye simu. Kwa maoni yangu, hamasa inayodumu hutoka kwenye kuona kazi ya mtu mwingine ilivyofanyika, hatua kwa hatua, mpaka ukajua kesho asubuhi mkono wako uanzie wapi. Dar es Salaam imetandaza mafunzo hayo kila kona. Tatizo letu ni kwamba tunayapita mbio kama abiria anayewahi daladala.

Anza na Tingatinga, maana picha zake hazifichi hatua. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora hapa mjini mwaka 1968, akitumia hadibodi na rangi ya mafuta ya kopo, ileile inayopakwa baiskeli na milango. Mwaka 1972 alikuwa ameshafariki. Miaka minne tu, lakini aliowafundisha waliendelea, na ushirika wa wachoraji wa mtindo wake upo Oysterbay, pale Morogoro Stores, tangu 1990. Picha zake nyingi zina upande wa sentimita 60 hivi. Hadibodi nzima ya futi nne kwa nane, ukiikata futi mbili kwa mbili, inatoa vipande vinane kamili bila kutupa chochote. Kabla hujauliza picha ina maana gani, tayari umeona mtu aliyefanya kazi kwa kipimo alichokuwa nacho.

Simama nyuma ya mchoraji mmoja pale, umsalimie, kisha nyamaza. Rangi ya nyuma hupakwa kwanza, mara nyingi kuanzia nzito juu kwenda nyepesi chini, na rangi mbili hukutanishwa kwa brashi pana zikiwa bado mbichi. Halafu anaiacha, na hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa na kuondoka, kwa sababu haendelei na picha hiyo. Anachukua ubao mwingine uliokauka jana. Mchoraji mzoefu huwa na kazi nne au tano zilizo hatua mbalimbali: moja ina rangi ya nyuma, nyingine ina umbo la chui lisilo na macho, nyingine inangoja madoa. Madoa na mistari huja mwisho, kwa brashi nyembamba.

Mambo huharibika palepale mtu anapokosa subira. Ukiweka doa jeupe juu ya rangi ambayo haijakauka, jeupe huzama na kuchafuka. Ukipaka tabaka nene ili umalize haraka, juu huota ngozi na chini hubaki bichi, na baada ya siku chache uso wote umejikunja. Ukizidisha taipentaini ya kuzimulia rangi, rangi hutiririka. Msimu wa masika, hewa ikiwa na unyevu, kilichokuwa kikikauka kwa usiku mmoja hudai siku mbili, na mchoraji anayejua kazi yake huongeza idadi ya mbao anazozungusha badala ya kugombana na mvua. Mwenye lengo moja tu, likikwama, hukaa kulitazama. Afadhali kuwa na kazi mbili au tatu zinazopokezana.

Kutazama maonyesho nako kuna utaratibu wake. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ilifunguliwa mwaka 1940, na ukishuka kituo cha mabasi ya Mwendokasi cha Kivukoni unafika kwa miguu. Nenda asubuhi, kabla jua halijakuchosha. Pita kumbi zote kwa robo saa bila kusimama, kama mtu anayekagua soko kabla ya kununua. Chagua kitu kimoja, rudi, ukae nacho dakika kumi, simu ikiwa mfukoni. Usianze na kibandiko: ukishasoma maelezo, macho hutafuta kilichoandikwa na kuacha kilichopo. Andika mistari mitatu: kimetengenezwa kwa kitu gani, kipi kilifanyika kwanza, na jicho langu lilitua wapi mwanzo. Baada ya hapo soma kibandiko. Baada ya dakika arobaini na tano hivi macho huchoka, na kila kinachofuata hufanana na kilichotangulia, kwa hiyo ondoka bila aibu hata kama kumbi mbili zimebaki.

Kwenye ukumbi wa chimbuko la binadamu, wengi hupiga picha ya fuvu na kusonga mbele. Kinachonivutia mimi ni kwamba Zinjanthropus, kiumbe wa kale mwenye fuvu hilo, aliyegunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, alipatikana akiwa vipande mamia, vingine vidogo kama ukucha. Kazi ya kuviunganisha ilikuwa kutafuta kingo mbili zinazolingana, halafu nyingine mbili. Ukiitazama mifupa ile ukijua hivyo, lengo lako la mwaka halitishi tena kiasi kile.

Nafasi, kituo cha sanaa kule Mikocheni, ni tofauti. Pale wasanii wengi hufanyia kazi kwenye makontena, na mara nyingine utakuta mlango wazi. Usimuulize msanii "hii ina maana gani?", maana atakupa jibu alilomezeshwa na waandishi wa habari. Muulize, "Kaka, hapa ulianzia wapi?" au "Dada, ulijuaje kuwa imeisha?" Utaona uso unabadilika, na mazungumzo ya kweli yanaanza.

Mwenge kwa wachonga vinyago kuna somo lililo kinyume kabisa na Tingatinga, na nadhani hapa ndipo malengo mengi huandikwa vibaya. Mchoraji huongeza; mchongaji hupunguza. Kinyago cha mtindo wa Ujamaa, ule wa watu waliobebana kama mnara, huchongwa kwenye gogo moja, bila gundi na bila kuungwa. Kazi huanza kwa tezo, ikaenda kwenye patasi, tupa, na mwisho msasa, kuanzia wa chembe kubwa hadi laini. Kila hatua huondoa kidogo kuliko iliyotangulia. Mtu wa juu akiharibika mkono, fundi hawezi kuurudisha. Anachoweza ni kubadili mpango, mkono ukawa mfupi na mtoto akasogezwa afiche kasoro. Sasa tazama malengo yako. Kujifunza Kifaransa ni kuongeza, na unaweza kukosea siku moja ukapaka tena kesho. Kulipa madeni, kuacha sigara, kupunguza safari za usiku, hayo ni ya kupunguza. Yanataka tezo kwanza, mkato mmoja mkubwa ulioamuliwa kwa utulivu, kisha tupa ya kila siku. Ukianza na msasa kwenye gogo zima, utasugua mwaka mzima na gogo litabaki gogo.

Kwa anayenunua pale, neno moja kuhusu mpingo. Kiini chake ni cheusi na tabaka la mti lililo chini ya gome lina rangi ya maziwa yenye unjano, kwa hiyo pindua kinyago utazame kitako: mara nyingi mpaka wa rangi hizo mbili huonekana. Mpingo ni mzito hata huzama majini. Wapo wanaofuta kwa kitambaa kibichi, kikitoka cheusi wanapiga kelele kuwa wametapeliwa. Kipimo hicho ni kibovu, maana hata mpingo halisi hung'arishwa kwa kiwi ya viatu. Kwaruza kidogo chini, mahali palipo peusi, kwa ncha ya kisu, kwa ruhusa ya mwenye mali, uone kama weusi ni wa mti au ni wa rangi ya juu tu. Na ukishanunua, usiuweke mbele ya kiyoyozi. Mti ambao haujakauka vizuri ukipigwa na hewa kavu hupasuka kwa urefu.

Sasa duka la Mangi, lile dogo la mtaani, ambako hakuna kiingilio wala kibandiko. (Mwenye duka huitwa Mangi, jina la Kichaga, hata akiwa Msukuma, Dar ndivyo ilivyo.) Nenda mchana saa nane, wateja wakiwa wachache, ununue kitu, utazame. Jioni saa moja usimsumbue. Sukari imeshapimwa asubuhi, robo na nusu, imefungwa na kupangwa. Mche wa sabuni umekatwa vipande. Mafuta ya kula yanapimwa kwa kikombe kutoka kwenye dumu. Yeye alinunua kiroba na dumu zima, lakini anajua mtaa wake una uwezo wa leo, na leo ina bei ya robo kilo. Angesema "sukari kiroba tu", duka lingefungwa wiki hiyohiyo.

Malengo mengi tunayaandika kwa kiroba. "Mwaka huu nitasoma vitabu ishirini." Kiroba. Robo yake ni kurasa nane kabla ya kulala, na kitabu cha kurasa 240 kinaisha kwa mwezi. "Nitajifunza kuchora." Robo yake ni daftari dogo lisilo na mistari, kalamu ya wino ya kawaida, na birika la jikoni: lichore kwa dakika kumi kila jioni, birika lilelile, siku saba. Kalamu ya wino kwa makusudi, kwa sababu ukiwa na penseli utatumia dakika saba kufuta. Siku ya tatu linachosha. Siku ya tano utagundua mdomo wa birika hauko pale ulipodhani, na kwamba umekuwa ukichora birika la kichwani.

Tazama pia vitu vilivyokaa wapi. Vinavyotoka sana, Mangi anavifikia bila kunyanyuka: vocha, viberiti, sukari, majani ya chai. Rafu ya juu ina vumbi, kuna sahani za maua na taa ya chemli. Kama daftari lako la kuchora liko kabatini chini ya nguo, umeliweka rafu ya vumbi, na uvivu usiusingizie.

Na chini ya kaunta lipo daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, wanasema wazee, na kwenye malengo ya pesa ndipo panapoumiza. Tuseme unataka cherehani na akiba unayoihitaji ni shilingi 450,000. Ukiweka 3,000 kwenye kibubu kila siku, hesabu ya haraka inasema siku 150, miezi mitano. Lakini Jumapili hufanyi kazi, kwa hiyo mwezi una siku 26, yaani 78,000, na miezi mitano imekuwa karibu sita. Ongeza wiki za mvua ambazo biashara hulala, ongeza msiba mmoja na ada ya mtoto. Weka miezi minane tangu mwanzo. Anayejiwekea mitano huvunja kibubu mwezi wa sita kwa hasira, wakati kimejaa zaidi ya nusu. Kama kibubu kinakushawishi, ingia mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, wa watu wachache wanaofahamiana, uombe zamu ya mwisho au karibu na mwisho. Zamu ya kwanza ni mkopo, na wewe ulitaka akiba.

Khanga nitazipitia kwa kifupi, ingawa maduka ya Mtaa wa Uhuru nayahesabu kuwa maonyesho bora ya bure mjini. Pindo, mji, jina: fremu, uwanja, na sentensi moja. Muombe muuzaji akufungulie doti tatu, uangalie jinsi pindo lenye giza linavyosukuma mji mweupe mbele, na jinsi jina linavyokaa kwa maneno machache tu. Jaribu kuandika lengo lako kwa urefu wa jina la khanga. Likikataa kutosha, huenda ni malengo matatu yaliyobanana. Ukinunua, fua kabla ya kushona, kwa sababu pamba mpya hunywea. Kata doti katikati ya nafasi inayotenganisha vipande viwili. Mkasi ukienda upande, khanga moja itabaki na pindo jembamba, na hiyo haivaliki kwa raha hata ikishonwa vipi.

Ukijaliwa kununua picha, ya turubai isiyo na fremu iviringishe kwa ulegevu, rangi ikiwa nje. Ikiwa ndani hubanwa na huweza kukatika mistari. Usiitundike ukuta unaopakana na bafu wala unaopigwa na jua la saa kumi. Gundisha vipande viwili vya kizibo kwenye kona za chini za fremu kwa nyuma, hewa ipite, maana kuta za Dar hutoa jasho. Itundike mkabala na pale unapokaa kufanya kazi. Wiki ya tatu utaacha kuiona, na hapo ihamishie ukuta mwingine.