Matuta ya Slievemore hayakuwa ya wavivu

Jamani naomba niseme hili maana limenikaa moyoni tangu nirudi kutoka kisiwa cha Achill, kaunti ya Mayo, huko magharibi kabisa mwa Ireland.

Chini ya mlima Slievemore kuna kijiji kilichohamwa, magofu ya nyumba za mawe kama 80 hadi 100 hivi, zimejipanga mstari mmoja mrefu, hazina paa, na nyingi zilikuwa chumba kimoja tu ambamo watu walilala upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Kila mtu anapiga picha nyumba. Mi nasema angalia ardhi! Kote kuzunguka kijiji, mpaka huku juu mlimani, kuna matuta ya viazi ambayo nyasi zimeyafunika lakini jua likishuka jioni kivuli kinayatoa moja moja.

Sasa kwa Kiingereza wanayaita matuta ya mvivu, eti kwa sababu mkulima hakulima pale katikati, alitandaza mbolea juu ya nyasi, akapanga mbegu, alafu akapindua udongo wa pande zote mbili kufunika. Hilo jina linaniuma kwa kweli. Mimi nimekulia kwenye matuta ya viazi vitamu na mama, najua mgongo unavyokuwa jioni. Na hawa udongo wao ni mwembamba, umeloa maji mwaka mzima, kwahiyo ile mitaro ya kati kati ndo ilikuwa inatoa maji na tuta likapata joto kidogo, na mbolea yenyewe ni mwani waliobeba kutoka ufukweni kwa matenga, mgongoni au kwa punda, wakapanda nao mlima, kisha wakaanza kazi ya sepetu la kukanyaga kwa mguu. Uvivu uko wapi hapo?

Walilima huko juu kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa kidogo, watu wengi, na kodi ya mwenye ardhi lazima ilipwe, viazi ndo vikabaki chakula cha nyumbani. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa viazi. Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000 mwaka 1841, kufika 1851 walikuwa chini ya 275,000, wengine wamekufa na wengine wamepanda meli.

Ila Slievemore haikuhamwa siku moja kama watu wanavyopenda kusimulia. Wengi walisogea pole pole kwenda kijiji cha Dooagh, karibu na bahari na samaki, na hata baada ya hapo nyumba zile ziliendelea kutumika kama makazi ya kiangazi, watu wanapanda na ng'ombe wao kuchunga, baridi ikija wanashuka.

Na daraja unalovuka kuingia Achill lina jina la Michael Davitt, mtoto wa Mayo ambaye familia yake ilifukuzwa kwenye nyumba mwaka 1850 akiwa na miaka minne tu, baadae 1879 akaanzisha umoja wa wakulima kudai haki ya ardhi. Alikuja mwenyewe kufungua daraja la kwanza la hapo mwaka 1887.

Mi nilikaa nyuma ya gofu moja nikahesabu matuta ya nyumba ile peke yake, nilipofika 31 jua likazama, sikuyaona tena.