Dodoso Linalojijibu

Msimu wa tafiti ukifika, vijana wa vyuo hapa Mbeya husambaa na madodoso: Uyole kwa wakulima wa viazi, Mwanjelwa kwa wafanyabiashara, vijiweni kwa bodaboda. Huwa sikatai kujaza. Ila swali moja limenikaa kichwani: "Je, unakubaliana kwamba ukosefu wa elimu ndio unaowafanya bodaboda waendeshe ovyo na kusababisha ajali?" Ndiyo au Hapana.

Hapo mtafiti ameshajijibu. Mhojiwa kaachiwa kugonga muhuri tu.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha jaribio ambalo ningetamani kila anayeandika dodoso alisome. Wanafunzi walionyeshwa filamu fupi za ajali, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani. Kilichobadilishwa ni kitenzi. Walioulizwa magari "yalipobamizana" walikadiria wastani wa maili 40 na ushei kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana", 31.8. Filamu zile zile! Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye wengine wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwapo. Lakini kati ya 50 walioulizwa kwa "kubamizana", 16 walisema waliviona. Kwa "kugongana", 7. (Aliyewahi kusikiliza mashahidi wa lori lililofeli breki mteremko wa Inyala, hapa Mbeya, hatashangaa.)

Na huku kwetu, juu ya hayo, kuna ukarimu. Mgeni akija na kalamu anapewa kiti, mama wa watu anamtazama usoni, anaona anachokitaka, anampa: "Ndiyo, mwanangu." Nani aharibu masomo ya mtoto wa mwenzake?

Chuoni msimamizi atahoji kwa nini watu 100, fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi ya wahojiwa iko wapi, SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, imesemaje. Ni halali yake. Lakini sampuli, yaani kundi la wahojiwa, ikikua, kinachopungua ni makosa ya bahati nasibu. Upendeleo wa swali unabaki pale pale, tena sasa umevaa suti ya uhakika.

Yule kijana ningemwambia afute swali zima, aandike: "Ajali ya mwisho uliyoiona ilitokeaje?" Kisha ajaribu swali hilo kwa bodaboda watano kabla ya kutoa kopi. Huenda akasikia habari za mashimo, za usingizi, za hesabu ya tajiri inayotakiwa jioni. Kuyapanga majibu hayo kutamtoa jasho, na msimamizi atalalamika kwamba hayaingii kwenye jedwali. Alalamike tu.